Miaka ya Keji

Ukiuliza pale soko la Koboko ni nani alimuua mtoto wa Viktoria, utapewa majibu ya kujaza gunia. Wauza nyanya watakuambia ni Yasiri wa bodaboda. Wauza mitumba watasema hapana, ni lile lori la saruji. Wapo wanaosema ni Viktoria mwenyewe, kwa nini alikaa upande upande juu ya pikipiki na tumbo la miezi saba. Na mwanamke mmoja wa muhogo, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika hata Ijumaa Kuu, anasema ni kijicho tu. Mimi nawasikiliza huku napima dagaa. Sibishani nao. Najua zaidi yao wote, na ningefurahi kama nisingejua.

Jina langu ni Nora. Huyo Viktoria ni rafiki yangu tangu Yei, ng'ambo ya mpaka, mtaa mmoja, kanisa moja, na ugomvi wa kisimani mmoja. Lakini hapa Koboko hakuna aliyemwita Viktoria mpaka mwaka huu. Walimwita Keji, na lazima nieleze kwa nini, maana mambo yote yalianzia hapo.

Agnes Keji alikuwa mdogo wake. Vita vilipotufikia mwaka 2016, Keji alitangulia kuvuka mpaka, akaandikishwa kambini, akapewa kadi ya chakula. Umri kwenye kadi: miaka ishirini na nne. Miezi mitatu haikuisha malaria ikamchukua. Viktoria alikuwa Juba akipika katika hoteli moja, na sehemu kubwa ya njia aliitembea kwa miguu. Alifika wiki moja baada ya maziko. Mdogo wake aliyemfuata alikuwa amebaki rundo la udongo lenye msalaba wa vijiti, na siku zile wageni wapya walikuwa hawaandikwi. Asiye na kadi hakuwa na unga. Mzee aliyetusimamia kambini alimtazama miguu yake iliyovimba, akasema, "Keji bado iko kwa karatasi. Wewe ingia kwa karatasi."

Akaingia. Picha ya kadi ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria, na pua za dada hao zilikuwa moja. Viktoria wa miaka thelathini na nne akawa Keji wa ishirini na nne, akapokea unga na maharage ya marehemu, akala huku analia. Mimi nilikuwepo, nilikula naye. Sikumlaumu siku ile na leo simlaumu. Mwenye njaa haulizwi alizaliwa lini.

Tatizo la uongo wa namna hiyo ni kwamba njaa inaisha, uongo unabaki. Tulihamia Koboko mjini, mimi nikaanza dagaa, yeye akaanza vitenge. Huko akatokea Shafiki, fundi wa baiskeli, mtu mpole kupita kiasi, Mkakwa kama sisi ila Mwislamu, mtoto wa marehemu sajini. Alimpenda Keji. Viktoria alikubali kufunga mtandio, na Krismasi alikuja kwangu kula nyama kimya kimya. Sasa Shafiki ana miaka thelathini na nane. Kwa karatasi, alioa mwanamke mdogo kwake kwa miaka sita. Kwa kweli ya Mungu, mke ndiye aliyemzidi yeye kwa minne.

Nilimwambia, "Mwambie Shafiki kabla ya ndoa." Akasema, "Mama yake atasema nimemdanganya mtoto wake." Baada ya ndoa nikamwambia tena. Akasema, "Nikizaa nitasema. Mwanamke akishazaa husamehewa mengi." Basi tukangoja azae.

Ilitoka mimba ya kwanza, ikatoka ya pili, ikatoka ya tatu. Hakuna hata moja iliyofika mwezi wa tano. Kila mara mama mkwe wake, Mama Madinah, alimkanda kwa maji moto, akampikia uji, na hakumrushia neno baya hata moja. Hilo lilitutisha zaidi kuliko matusi. Mama Madinah hakuwa mtu wa maneno laini. Alikulia katika kambi za jeshi, baba yake Mnubi, mumewe sajini, na Kiswahili chake cha kambini kilitoka kama amri hata alipokuwa anaomba chumvi. Miaka yote hiyo hatukumsikia akisema Kikakwa. Kwa hiyo mimi na Viktoria tulipotaka kusema siri tulisema Kikakwa mbele yake, bila wasiwasi.

Mimba ya nne ilishika. Mwezi wa tano ukapita, tukashika pumzi. Wa sita ukapita. Viktoria akaanza kutembea taratibu kwa namna ya kuudhi, kama mtu aliyebeba trei ya mayai, na mimi nikawa namfungulia kibanda chake, namwinulia marobota yake, namkaripia akiinama. Aliniambia mtoto anapiga teke kila honi ya boda ikilia. "Huyu atakuwa mtu wa soko," akasema. Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Alijua, na mimi nilijua, kwamba hakutakuwa na mwingine.

Ilikuwa Jumatano moja ya Mei, saa tatu asubuhi, mvua imepita tu. Yasiri alikuwa anamleta sokoni. Nisikilizeni vizuri: Yasiri ni mtu mzima, ana watoto sita, na anaendesha polepole mpaka abiria wengine humtukana. Karibu na kituo cha mafuta lori lilirudi nyuma bila kuangalia. Yasiri akashika breki, tope likakataa. Viktoria alikuwa amekaa upande, kwa sababu mwanamke wa nyumba ile hakai kwa kutanua miguu, akateleza, akaangukia tumbo kwenye ukingo wa mtaro wa saruji.

Nilisikia kelele nikakimbia na mikono yangu ya dagaa. Nilipofika alikuwa amekwisha kuinuka mwenyewe. Alikuwa anapangusa kitenge na kucheka kile kicheko cha aibu, watu wamemzunguka.

"Mimi iko sawa," aliwaambia. "Nora, tafuta kiatu yangu moja."

Nikakitafuta kiatu, nikakiona ndani ya mtaro. Kisha tukampeleka kwa Sista Evelyn, ambaye ana kliniki yake ndogo nyuma ya soko, vyumba viwili na benchi. Mama Madinah alikuwa amefika kabla yetu. Habari za Koboko hazihitaji simu.

Sista Evelyn ni Mlugbara wa Mvara, mkunga wa miaka mingi, na sitaki mtu amseme vibaya mbele yangu. Alimlaza Viktoria, akamshika tumbo kote kote, akaweka sikio kwenye kile kidude chake kama tarumbeta ya mtoto, akasikiliza mpaka sisi tukaacha kupumua.

"Moyo ya mutoto iko napiga vizuri," akasema. "Damu hapana. Maumivu?"

"Kidogo kwa mbavu tu," akasema Viktoria.

Sista akampa kikombe, akamtuma chooni alete mkojo. Viktoria akatoka. Tukabaki watatu: Sista, Mama Madinah kwenye benchi, na mimi pembeni yake. Sista akafungua daftari.

"Huyu mama iko na miaka ngapi?"

Kadi ya kambini ilikuwa nyumbani. Swali lilining'inia hapo. Mama Madinah hakufungua mdomo, na mimi niliona nikichelewa atajiuliza kwa nini rafiki mkubwa wa mkwe wake anahesabu.

"Thelathini na mbili," nikasema. Nilisema upesi, kama bei ya dagaa.

"Hiyo iko nzuri," Sista akasema huku anaandika. "Kama angepita thelathini na tano, mimi hapana shika yeye hapa. Mama ile miaka yake imeenda, akianguka na mimba, kondo ya nyuma inaweza kuachia huko ndani pole pole, wewe nje hapana ona kitu. Hao mimi natuma Arua siku ile ile, wanalala kwa macho ya daktari. Lakini huyu bado iko na nguvu. Apumzike masaa mawili, nasikia moyo tena, anaenda nyumbani."

Kila neno nililisikia. Wala sikulisikia nusu. Nilisimama, nikiwa nimeshika ile arobaini na miwili kwenye ulimi. Nikamtazama Mama Madinah. Alikuwa anaangalia karatasi ya chanjo ukutani kana kwamba ni mara ya kwanza kuona picha ya sindano. Nikaona ndoa ya Viktoria inavunjika pale kwenye benchi, kwa mdomo wangu, miezi miwili kabla ya yeye kuzaa na kuyasema mwenyewe. Nikajiambia moyo unapiga. Nikajiambia damu hakuna. Nikakaa.

Viktoria akarudi na kikombe chake. Kwa masaa mawili nilikaa naye, mkono wake mkononi mwangu, na Mama Madinah alitoka kidogo kwenda kuswali. Hapo nilikuwa na nafasi nyingine. Ningeweza kumwambia yeye mwenyewe kwa Kikakwa: Sista ameuliza miaka, nimesema ya Keji, na wenye miaka yako wanapelekwa Arua. Angeamua. Lakini alikuwa amefumba macho, uso umetulia, nikasema nisimtie hofu bure. Sijui ni mara ngapi watu wanaopendana wameuana kwa maneno hayo, nisimtie hofu bure. Sista akasikiliza tena moyo, akaridhika, akamwambia akiona damu au tumbo likikaza arudi mbio. Saa saba mchana tulikuwa nyumbani.

Jioni alikula nusu sahani. Alisema mgongo unamchoma, akasema ni maumivu ya kuanguka. Mimi nikarudi kwangu.

Asubuhi, saa kumi na mbili, simu ya Shafiki. Hakuwa anaongea, alikuwa anasema jina langu tu. Nilipofika Viktoria alikuwa amekaa sakafuni ameshika ukingo wa kitanda. Damu ilikuwa kidogo, kiganja kimoja, lakini tumbo lilikuwa limekaza kama ubao na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Sista Evelyn alikuja kwa miguu, akamgusa mara moja tu, akasema, "Arua. Sasa hivi."

Jirani alitoa gari lake. Shafiki mbele, sisi wanawake nyuma, kichwa cha Viktoria juu ya mapaja ya Mama Madinah. Lami ya Koboko kwenda Arua ni nzuri, watu wanaisifu. Siku ile niliichukia kila kilomita yake. Mama Madinah alikuwa anamfuta jasho kwa mtandio wake mwenyewe na kusema, "Pole, binti yangu. Pole. Kaza. Kaza." Kwa sauti ile ile ya amri.

Tulipokuwa tunaingia mjini, Viktoria akafungua macho akanitafuta.

"Nora," akasema kwa Kikakwa, "honi zinalia, na amenyamaza."

Nilimwambia amelala. Nilikuwa nimekwisha kuuzoea uongo.

Hospitalini walitupokea mbio. Daktari alikuwa mwanamke kijana, Patience, mikono miembamba. Alipitisha mashine tumboni akatazama kioo muda mrefu. Shafiki alikuwa ametumwa maabara kupimwa kama damu yake inafaa, kwa hiyo hakuwepo. Daktari alizima mashine, akaweka mkono wake juu ya goti la Viktoria, akasema, "Pole, mama. Moyo ya mtoto hapana. Sasa tunaokoa wewe. Lazima tupasue." Kisha akachukua kalamu. "Jina? Miaka?"

Nilifungua mdomo. Viktoria akanitangulia. Alijiinua kwa kiwiko, damu imelowesha shuka, Mama Madinah amesimama pale pale kichwani kwake.

"Viktoria," akasema. "Miaka arobaini na mbili. Hiyo jina ingine ya dada yangu, alikufa."

Daktari aliandika. Hakushangaa wala hakuuliza. Aliandika mstari mmoja, basi, wakamsukuma kwenda chumba cha upasuaji. Ile siri iliyotufunga miaka minane ilihitaji pumzi moja tu. Nilisimama pale nikatamani kujipiga kofi.

Walimtoa mtoto wa kike, mzima kila kiungo, kimya. Kondo lilikuwa limeachia ndani, damu imejaa nyuma yake. Haikusimama, wakalazimika kutoa na kizazi. Daktari Patience alipotoka aliniona mimi kwanza, nikamshika mkono bila adabu yoyote, nikamuuliza: kama angekuja jana?

Hakunidanganya. Alisema hawezi kuapa. Alisema kondo lingeweza kuachia hata akiwa kitanda cha hospitali, tena mbele ya macho yao. "Lakini hapa tungesikiliza moyo kila mara," akasema. "Ukianza kuchoka, tungemtoa. Pengine angekuwa hai. Mama yeyote akianguka na mimba hivyo, hata msichana, ni vizuri akae tumuangalie. Na arobaini na mbili? Huyo ndiyo kabisa."

Pengine. Afadhali angeniambia ndiyo, nijue nimeua. Afadhali angeniambia hapana, nilale. Neno pengine halina upande wa kuegemea.

Mama Madinah alikuwa amekaa barazani, ameangalia uwanja. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake. Nilidhani sasa ndipo mvua ya matusi itakaponyesha, na niliitaka.

"Mama," nikasema, "miaka ya Viktoria... sisi tulificha wewe. Mimi nilidanganya sista."

"Mimi nilijua," akasema.

Nikadhani hakunielewa. Nikaanza tena. Akanikata.

"Nyinyi nafikiri mimi hapana sikia Kikakwa? Mimi nimeolewa kwa Wakakwa miaka arobaini, Nora. Hapana sema, lakini nasikia. Mwaka ile ya kwanza ya harusi, mlikuwa kwa jiko yangu, mnachambua mchicha. Yeye akasema siku ile Yei ilitekwa, alibeba Keji mgongoni mpaka ng'ambo ya mto. Mimi mke ya sajini. Miaka nahesabu kwa vita. Yei ilitekwa tisini na saba. Keji ya karatasi ilikuwa na miaka tano. Mutoto ya miaka tano nabeba nani?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Ilikuwa sauti ya kuomba, siyo ya kuuliza.

"Niseme nini? Mutu analeta aibu yake kwa nyumba yako imefunikwa, wewe unafunua? Nilingoja aseme mwenyewe." Alikaza fundo la mtandio wake. "Jana sista aliuliza miaka. Mimi nikajua hii swali iko kubwa. Nikasema, Nora iko hapa, Nora atasema, Nora ni dada yake. Wewe ukasema thelathini na mbili. Nikaona bado mnaficha. Nikasema moyoni, mimi nikifunua leo mbele ya watu, huyu mutoto hatakaa kwa nyumba yangu tena, ataona haya, atachukua tumbo yake ataenda. Nikaangalia ukuta."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Tulikaa kwenye benchi moja, mabega yanagusana, kila mmoja anamficha Viktoria asionwe na mwenzake, na hakuna aliyekuwa anamtafuta. Waswahili wana methali yao, mficha uchi hazai. Nimeisikia mara nyingi ikisemwa kwa kicheko, wanawake wakihimizana kwenda kliniki. Mimi siwezi tena kuisikia. Nikiisikia mahali naondoka, hata kama mteja amesimama.

Mama Madinah alilia siku ile, na mimi nililia kwenye magoti yake, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Ni yeye aliyemwambia Shafiki. Alikataa niwepo, nikakaa nje ya mlango. Nilimsikia akisema, "Wewe ulioa mutu, hukuoa karatasi." Shafiki alitoka na yale macho yake ya upole, akaniuliza jambo moja tu, kama Viktoria ndilo jina alilopewa na mama yake. Nikasema ndiyo. Akaenda kukaa mlangoni mwa wodi, na mkewe alipozinduka alimwita hivyo, kwa kujikwaa, kama mtu anayejifunza lugha. Nilikuwa nimeiogopa siku hiyo tangu harusi yao. Hivyo ndivyo ilivyopita.

Mtoto tulimrudisha Koboko siku ile ile. Mama Madinah alimwosha mwenyewe, akamfunga sanda, akakataa mtu mwingine amguse. Walimpa jina, Amina, wakamlaza nyuma ya nyumba karibu na kaburi la sajini. Viktoria hakumzika, alikuwa bado Arua na mirija mkononi. Alimwona kwa dakika chache tu kabla hatujaondoka. Aliniambia baadaye kwamba alimhesabu vidole.

Alikaa hospitali siku tisa. Aliporudi nilikuwa nakwenda kila asubuhi kumfulia na kumpikia kabla ya soko. Maziwa yalikuwa yamejaa, yanamuuma, yanalowesha nguo, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Watu walikuja kutoa pole, wakaleta na maelezo yao: ooh, Yasiri, ooh, lori, ooh, kukaa upande. Yasiri mwenyewe alikuja akasimama uani ameshika kofia, Viktoria akamwambia, "Kaka, wewe hapana kosa. Enda kazi." Mimi nilikuwa naosha sufuria. Niliosha sufuria moja mpaka ikataka kutoboka.

Siku ya kumi na nne tulikuwa wawili tu. Mimi nafua, yeye amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani kwa sababu ya mshono. Tulikuwa tunasema Kikakwa.

"Nora," akasema, "kuna kitu nakifikiria kila siku. Yule daktari wa Arua aliniambia kwamba wenye umri wangu wakianguka huangaliwa usiku kucha. Sasa, mbona Sista Evelyn hakuniuliza miaka yangu? Aliniuliza maumivu, aliniuliza damu, miaka hakuuliza. Angeniuliza, ningemwambia kweli."

Nilikuwa nimezamisha mikono kwenye povu.

"Ningemwambia," akarudia. "Mama akae pale, Shafiki akae pale, hata mji wote ukae pale. Kwa ajili ya huyu mtoto ningesema. Ile siri ilikuwa ya kula unga. Haikuwa ya hii."

Ningeweza kunyamaza. Sista alikuwa na aibu yake, asingesema. Mama Madinah asingesema, huyo ni kaburi. Nilikuwa na nafasi ya tatu ya kuficha, na safari hii hakuna mtu ambaye angekufa kwa hiyo. Lakini nilikuwa nimechoka kuficha.

"Aliuliza," nikasema. "Ulikuwa chooni. Mimi ndiye niliyejibu. Nikasema thelathini na mbili. Sista akasema ungekuwa umepita thelathini na tano angekutuma Arua siku ile ile. Nilimsikia, Viktoria. Nilimsikia vizuri kabisa, nikakaa chini. Na masaa yale mawili nilikushika mkono, sikukuambia."

Povu lilikuwa linapasuka polepole kwenye beseni. Yeye alikuwa ameangalia mikono yangu, siyo uso. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, kwa kofi, kwa kilio, kwa kuitwa mchawi. Ningelipokea kila moja na kusema asante.

Alipangusa pua kwa kona ya mtandio.

"Hata mimi," akasema, "ningesema thelathini na mbili."

Alisema upesi, kwa sauti nyepesi, kisha akageukia dirisha na kuniomba nisisahau kuanika shuka mapema, mvua inakuja. Miaka minane nimesimama karibu na mwanamke huyu akitaja umri wa Keji, mbele ya makarani wa kambi, mbele ya shehe wa harusi, mbele ya wateja wachokozi. Kila mara alisema hivyo hivyo, upesi, kwa sauti nyepesi, macho pembeni. Naijua sauti yake akidanganya kuliko ninavyoijua ya kwangu. Ndiyo aliyonisamehe nayo.